Kwa nini fumbo lako la maneno linakwama kona ya chini kulia

SWALI: "Ninafundisha Kiswahili shule ya sekondari, na kwa muda mrefu nimekuwa nikijaza mafumbo ya maneno ya Kiingereza kwenye simu. Mwaka huu nikaamua kuwatungia wanafunzi wangu la Kiswahili. Nimechukua jedwali la visanduku 15 kwa 15, lile la magazeti ya Marekani lenye visanduku vyeusi vichache, nikaanza kujaza. Kona ya juu kushoto inakwenda vizuri. Nikishuka kuelekea chini kulia, maneno yanakwisha kabisa. Mwenzangu anayefundisha Kiingereza anasema Kiswahili hakina maneno ya kutosha kwa mchezo huu. Nikaiomba programu ya akili bandia initungie. Ikanipa maneno yasiyomo katika kamusi yoyote, na mengine hata hayakukutana herufi. Je, tatizo ni msamiati wangu, ni Kiswahili chenyewe, au kuna kitu sikijui? Na nikifanikiwa, kuna gazeti litakalolipa?"

JIBU: Mwalimu, nianze na jibu lenyewe. Msamiati wako hauna kasoro, na Kiswahili hakijapungukiwa na kitu. Umechukua jedwali lililoundwa kwa ajili ya lugha ambayo maneno yake mengi huishia kwa konsonanti, ukalitaka libebe lugha ambayo karibu kila neno lake huishia kwa irabu. Kona iliyokukwamisha ingemkwamisha hata aliyehifadhi Kamusi Kuu ya Kiswahili kutoka jalada hadi jalada. Na hilo si suala la maoni. Linathibitika kwa penseli.

Tazama mstari wa mwisho kabisa wa jedwali lako. Tuseme pale pana neno la mlalo lenye herufi tano. Kwa kawaida ya Marekani, kila herufi lazima iwe ndani ya maneno mawili, la mlalo na la wima. Kwa hiyo juu ya kila herufi ya neno lako kuna neno la wima linaloshuka na kuishia hapo hapo. Maana yake ni kwamba herufi zote tano za neno lako la mlalo ni herufi za mwisho za maneno matano mengine. Maneno yetu huishia kwa irabu. Basi neno lako la chini halina budi kuwa irabu tupu, tano mfululizo.

Sasa litafute. Ya herufi mbili yapo: ua, oa, au. Ya tatu yanapatikana kwa kujikaza: aua, eua, na vitenzi kama aoe, aue, uoe. Ukifika tano umegonga mwamba. Ukingo wa kulia una adha ile ile, kwa kuwa kule kila neno la mlalo linaishia ukingoni, na neno la wima lililopo pale linaundwa na mikia ya wenzake. Kona ya chini kulia ndipo adha hizo mbili zinapokutana. Ya juu kushoto ilikuwa rahisi kwako kwa sababu kule yanakutana mianzo ya maneno, na mianzo ya Kiswahili ni ya kila namna: m, k, w, u, a, nd, sh. Mtunzi wa Kiingereza kona hiyo ya chini anaifurahia, kwani S ya wingi na D ya wakati uliopita humpa mikia ya konsonanti kadiri anavyotaka. Mwenzako wa idara ya Kiingereza amezoea urahisi huo, ndiyo maana anadhani ukosefu uko kwako.

Hapa ndipo napenda wasomaji wote wanielewe, maana dhana hii imewavunja moyo watu wengi wenye kipaji: jedwali la Kimarekani ni desturi tu, na desturi hiyo ilikuja baada ya mchezo wenyewe. Fumbo la kwanza la aina hii kuchapishwa katika gazeti lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi New York. Lilitoka tarehe 21 Desemba 1913 katika New York World. Lilikuwa na umbo la almasi, katikati pakiwa tupu, na halikuwa na kisanduku cheusi hata kimoja. Mwaka 1924 kampuni mpya ya Simon & Schuster ilitoa kitabu cha mafumbo hayo kikiwa chapisho lake la kwanza kabisa, na Marekani nzima ikapata homa ya mchezo huu. Mmoja wa wahariri wa kitabu kile, Margaret Farrar, ndiye aliyekuja kuwa mhariri wa kwanza wa mafumbo wa New York Times gazeti hilo lilipoanza kuyachapa mwaka 1942. Kanuni unazozitii leo zilijengeka taratibu katika miaka hiyo: jedwali ukiligeuza juu chini libaki vile vile, pasiwe na neno la herufi mbili, kila herufi ipitiwe mara mbili, na fumbo la kila siku lisizidi maneno 78. Zinapendeza sana, lakini zilitungwa na watu waliokuwa na Kiingereza mezani.

Lugha nyingine ziliondoka na njia zao. Waitaliano ni ndugu zetu katika jambo hili, kwani maneno yao pia huishia kwa irabu, na hata hivyo jarida lao la La Settimana Enigmistica linatoka tangu mwaka 1932 na lina wasomaji wa rika zote. Wao wanaruhusu maneno ya herufi mbili, vifupisho vya majina, na alama za mikoa kama MI kwa Milano na NA kwa Napoli, na hivyo wanaziba pengo pale panapokaba. Wajapani huweka silabi moja katika kila kisanduku. Waingereza, ambao gazeti lao la The Times lilianza kuchapa mafumbo mwaka 1930, walichagua jedwali lililotoboka kama wavu: neno la mlalo linakutana na la wima katika herufi ya kwanza, ya tatu, ya tano, na zile za katikati yake hazipitiwi na neno lingine.

Jedwali hilo la wavu ndilo ninalotaka ulichukue, na nina sababu ambayo ukiishaiona hutaisahau.

Neno letu la kawaida ni konsonanti, irabu, konsonanti, irabu. Chukua KITABU. Liweke juu kabisa kushoto, kuanzia safu ya kwanza hadi ya sita. Katika jedwali la wavu maneno ya wima hushuka katika safu za 1, 3, 5 na kuendelea hadi 15. Kwa hiyo KITABU litakutana na ya wima katika K, T na B, na maneno matatu ya wima yataanza kwa konsonanti hizo. Hakuna shida yoyote hapo. Sasa ligeuze jedwali juu chini kama kanuni ya ulinganifu inavyotaka. Nafasi ile ya herufi sita itatua mstari wa mwisho, kuanzia safu ya 10 hadi ya 15. Weka KITABU pale uone. Safu za maneno ya wima ni 11, 13 na 15, na zinaangukia I, A na U. Irabu tatu, pale pale panapotakiwa mikia ya maneno matatu ya wima. Ulinganifu uliokuwa ukikukaba unakufanyia kazi, almuradi maneno ya kingo hizo yawe na idadi shufwa ya herufi.

Maneno yenye idadi witiri hufanya kazi tofauti. Neno kama MTOTO huanza kwa konsonanti mbili zilizofuatana, kisha linaendelea na mwendo wa kawaida. Herufi yake ya kwanza ni M, ya tatu O, ya tano O. Limeingia kwa konsonanti na kutoka kwa irabu, hivyo linafaa kuvuka kutoka upande wa juu kwenda wa chini. SHULE ni vivyo hivyo: S, U, E. DAFTARI linageuka katikati, kwenye F na T: D, F, A, I. Na yale yanayoanza kwa irabu yana thamani kubwa kuliko unavyodhani. UHURU, ASALI, ELIMU, IMANI: herufi za 1, 3 na 5 zote ni irabu. Hayo ndiyo ya kupeleka kona ya chini kulia.

Usiniamini kwa maneno matupu. Hili hapa jedwali dogo la 5 kwa 5, limejaa, na halina neno hata moja la kubabaisha:

N Y U M A
D ■ P ■ M
U J A N A
G ■ N ■ N
U G A L I

Mlalo: NYUMA, UJANA, UGALI. Wima: NDUGU, UPANA, AMANI. Fuatilia makutano yote tisa kwa kidole. NYUMA na NDUGU yanashika kona ya juu kushoto kwa konsonanti zao mbili mbili; manne yaliyobaki yanaanza kwa irabu na yanabeba upande wa pili. Vidokezo ningeviandika hivi. Upande wa kisogo. Ni moshi, ukienda haurudi. Unga wa mahindi na mwiko vikikutana kwenye maji ya moto. Wakigombana, chukua jembe ukalime. Zidisha na urefu upate eneo. Msitu wa hifadhi ulioko Usambara Mashariki. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaweza kulimaliza hilo kabla kengele haijalia, na hakuna aliyemlazimisha kujua neno la ajabu.

Kwenye jedwali kubwa, Kiswahili kinakupa ufunguo ambao Mwingereza hana: umoja na wingi unaobadilika mwanzoni mwa neno. MTOTO lina herufi tano, WATOTO lina sita. MTI tatu, MITI nne. ALISOMA saba, WALISOMA nane. Kwa ngeli zinazobadilika hivyo unaweza kuhamisha mwendo mzima wa irabu na konsonanti kwa herufi moja, bila kubadili mada ya neno lako. Ngeli ya KI na VI haikusaidii hapo, kwani urefu unabaki ule ule. Mimi hutunga nikianzia chini kulia kwenda juu, maana kule ndiko chaguo ni finyu, na huweka kwanza maneno yenye konsonanti zilizoungana kabla sijayamaliza mahali pasipoyahitaji. Ukianza juu kushoto utatumia NDEGE, MLANGO na ASKARI pale ambapo neno lolote lingetosha, kisha utayatafuta chini usiyapate.

Lakini nisikufiche gharama yake. Mfumbuaji anayepewa irabu peke yake anapewa kidogo sana. Fikiria ameshapata _ I _ A _ U. Linaweza kuwa KITABU. Linaweza pia kuwa VITABU, KIKAPU au VIKAPU. Herufi ya kwanza, inayobeba ngeli, haikupitiwa. Irabu alizonazo zinaingia kwenye maneno mengi. Katika Kiingereza kidokezo cha mzaha kinaweza kupita kwa sababu makutano yatamwokoa mfumbuaji. Kwetu, kona ya chini inadai kidokezo kinachofunga mlango kabisa: umoja au wingi uonekane, ngeli ionekane, na jibu liwe moja tu. "Hubebewa ndizi sokoni" hakitoshi, kwani hakisemi ni kimoja au ni vingi. "Kimesukwa kwa ukindu, hubebewa ndizi sokoni" kinatosha, kwa sababu "kimesukwa" kimeshaifunga ngeli na idadi.

Kuna swali ambalo hukuniuliza, ila litakukuta kesho: CH, SH, NY na wenzake waingie kisanduku kimoja au viwili? Wawelshi huweka herufi zao mbili zinazotamkwa kama sauti moja katika kisanduku kimoja, na Waholanzi hufanya hivyo kwa IJ. Mimi nashauri kila herufi iwe na kisanduku chake, kwa sababu ndivyo watu wetu wanavyoandika na kuhesabu herufi. Ritifaa ya NG'OMBE iache nje. C iangalie kwa makini: haina maisha bila H, basi usiipitishe neno la wima isipokuwa na lenyewe lina CH. Chagua kanuni moja, iandike juu ya fumbo, usiivunje.

Sasa ile njia ya Wajapani. Kwa wanafunzi wadogo, na hata kwa watu wazima wanaopenda jedwali lisilo na matundu, naiona kuwa njia yenye mustakabali mkubwa kwa Kiswahili, na inanishangaza kwamba haijatumiwa sana. Silabi moja kisanduku kimoja. Tazama:

SI KU
MBA LI

Mlalo SIKU na MBALI. Wima SIMBA na KULI. Kila kisanduku kimepitiwa mara mbili, hakuna cheusi, na ile balaa ya mikia ya irabu imetoweka, kwa sababu silabi inayomaliza neno moja inaweza kuanza lingine bila taabu. Mtoto aliyejifunza kusoma kwa ba, be, bi, bo, bu analielewa mara moja. M ya MTOTO inakaa peke yake: M, TO, TO. MWALIMU ni MWA, LI, MU. Ugumu wake uko kwingine. Silabi ni nyingi kuliko herufi, kwa hiyo kupata neno linaloanza kwa NJE au kumalizika kwa GHA kunachosha, na maneno ya silabi tano au sita yenye mvuto ni machache. Tena programu nyingi za kutungia zimejengwa juu ya herufi, hivyo utafanya kazi kwa mkono. Ningekuwa wewe, ningewapa kidato cha kwanza majedwali madogo ya silabi, na vidato vya juu la wavu la herufi.

Kuhusu akili bandia. Watu wanachanganya kufumbua na kutunga. Mwaka 2021, katika mashindano makubwa ya Marekani yaliyoanzishwa mwaka 1978 kule Stamford, Connecticut, programu ya Matt Ginsberg iitwayo Dr.Fill ilipata alama nyingi kuliko washindani wote wa kibinadamu. Habari hiyo ilizunguka dunia, na wengi wakadhani mchezo umekwisha. Dr.Fill ilikuwa inafumbua, na ilikuwa na ghala kubwa la vidokezo na majibu ya Kiingereza yaliyokusanywa kwa miongo kadhaa. Kiswahili hakina ghala kama hilo. Na ile programu ya mazungumzo uliyoiomba haioni herufi moja moja kama wewe. Inapokea maandishi yakiwa yamekatwa vipande vipande, kipande kimoja kikiwa pengine silabi mbili au neno zima. Kuiambia herufi ya tatu ya neno hili iwe sawa na ya tano ya neno lile ni kuiuliza kitu ambacho macho yake hayakifikii vizuri. Ikikosa, haikiri, inaunda neno. Itumie kukupa mawazo ya vidokezo ukipenda, kisha kila kimoja ukipitishe kwenye kamusi.

Kinachofaa kwa jedwali ni programu za kutungia zenyewe. Qxw ni ya bure na inakubali orodha yako mwenyewe ya maneno. Crossword Compiler ni ya kulipia na inatumiwa sana Uingereza. Zote hazijui Kiswahili mpaka uzifundishe. Andaa faili la maandishi ya kawaida, neno moja kila mstari, bila ritifaa wala nafasi. Anza na maneno elfu mbili hivi unayojua kwamba wanafunzi wako wanayajua. Weka na wingi wake. Kwa vitenzi uwe na mpaka: Kiswahili kinaweza kutoa maumbo maelfu kutoka mzizi mmoja, na programu ikiyapata yote itakujazia jedwali kwa NIMUUE na ASIYEUOA, sahihi kisarufi na ya kuudhi kwa mfumbuaji. Mimi hukubali kitenzi chenye KU, amri, kauli ya kutendwa na ya kutendesha, na nafsi ya tatu katika nyakati za kawaida. Zaidi ya hapo nalikataa neno hata kama limenibidi kubomoa kona nzima.

Kosa moja la Wamarekani litakufaa. Wao wana jina la makutano yasiyo na haki: wanayaita Natick, kwa mji mdogo wa Massachusetts ambao jina lake liliwahi kukutana na jina la mtu asiyejulikana sana, ikabaki herufi moja ambayo hakuna namna ya kuikisia. Kwetu hatari hiyo inakuja kwa sura ya lahaja. Neno la Lamu likikutana na neno la Lubumbashi, mfumbuaji wa Dodoma amekwama, na si kwa ujinga wake. Tumia maneno ya kila mahali, MATATU na DALADALA, MUNYU na CHUMVI, ila kila neno la eneo moja lizungukwe na maneno ambayo wote wanayajua.

Na ukishazoea, jaribu vidokezo vya ufundi kama vya Waingereza, ambapo nusu ya kidokezo ni maana na nusu ni mchezo wa herufi. Watu wa pwani wana mchezo wa kale wa kinyume, wa kuleta silabi ya mwisho mwanzoni, na unatufaa kuliko kuvuruga herufi ovyo. "Lima kinyume upate utajiri (4)." LI na MA zikigeuzwa zinatoa MALI, na mali ni utajiri; ile 4 kwenye mabano ni idadi ya herufi za jibu. KATA nalo linatoa TAKA. Mtu aliyekulia kwenye vitendawili hahitaji kufundishwa zaidi ya mara moja.

Umeuliza kuhusu malipo. New York Times, ambalo Will Shortz anahariri mafumbo yake tangu mwaka 1993, limekuwa likimlipa mtunzi mpya dola 500 kwa fumbo la siku za kawaida na dola 1,500 kwa la Jumapili, na zaidi kwa aliyekwisha kuchapishwa mara kadhaa. Linapokea ya Kiingereza tu, na ushindani ni mkali. Kwa Kiswahili sitakuahidi soko lililo tayari. Nafasi yako naiona kwanza kwa wachapishaji wa vitabu vya shule, kisha kurasa za elimu za magazeti. Usiende na fumbo moja. Nenda na sita yaliyokamilika, yenye majibu na yaliyopimwa, ili mhariri aone kwamba wiki ya saba hutamwacha na ukurasa mtupu.

Kupimwa ndiko kusikofanyika kwa barua wala kwa kusoma majibu kama haya. Kabla fumbo halijatoka mikononi mwako, kaa na watu wawili au watatu, ana kwa ana, mmoja mmoja, uwape karatasi na penseli, kisha unyamaze. Usisaidie. Tazama penseli inasimama wapi, inafuta nini, na wapi mtu anaandika jibu jingine linaloingia vizuri kuliko lako. Mmoja awe anatoka eneo tofauti na lako. Neno likizua ubishi wa kweli kuhusu usanifu wake, mpelekee mwenye ujuzi wa leksikografia katika chuo kilicho karibu nawe au waulize BAKITA, kwani kamusi zinatofautiana na ni vizuri uwe na jibu kabla mzazi hajaandika barua ya kulalamika.

Na mchapishaji akikuletea mkataba, tafuta mwanasheria akusomee mbele yako, hata kama malipo ni madogo. Ofisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya, nazo zinapokea maswali ya watunzi. Uliza mambo mawili hasa: kama unauza haki ya kuchapa mara moja au unaiuza kazi yote, na kama utabaki na ruhusa ya kuyakusanya mafumbo yako katika kitabu baadaye. Majibu yote mawili yawe ndani ya maandishi kabla hujatia saini.